Sanaa Shirikishi na Vijana wa Chamwino

Sanaa shirikishi ni sanaa ambayo wanajamii wenyewe huitunga, huitengeneza, huicheza na kisha kuijadili. Kinachoitofautisha na maonyesho ya kawaida ni mwenye kazi. Katika ukumbi wa mjini mtazamaji hulipa kiingilio, hutazama, hupiga makofi akaenda zake. Katika sanaa shirikishi mtazamaji ni jirani wa mchezaji, tatizo linaloigizwa ni lake, na onyesho likiisha huulizwa anasemaje. Kwa vijana, sanaa hii ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni maigizo, ngoma, nyimbo na ngonjera. Ya pili ni kazi za mikono: kuchonga ala za muziki, kuwamba ngoma, kushona maleba, kutunga shanga, kuchora na kutengeneza vifaa vya jukwaani.

Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, ni mahali pazuri pa kuielewa sanaa hii. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2007 baada ya Wilaya ya Dodoma Vijijini kugawanywa. Watanzania wengi wanalijua jina la Chamwino kwa sababu ya Ikulu, ambayo jengo lake jipya lilizinduliwa Mei 2023. Wasiojulikana sana ni majirani wa Ikulu hiyo: Kituo cha Sanaa Chamwino, na Tamasha la Muziki wa Cigogo, yaani wa Kigogo, ambalo limekuwa likifanyika kijijini hapo tangu mwaka 2009. Nyuma ya kituo na tamasha kuna jamii ya Wagogo, ambayo muziki wake ni miongoni mwa urithi mkubwa wa sanaa Afrika Mashariki.

Urithi ulio mikononi

Ugogo ni nchi kame. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka. Watu hulima mtama, uwele, karanga, alizeti na zabibu, na hufuga ng'ombe na mbuzi. Kalenda ya sanaa hufuata kalenda ya shamba. Mvua ikinyesha, kila mkono uko kwenye jembe. Mavuno yakiingia ghalani, ngoma hutoka. Mradi wowote wa vijana unaopangwa bila kuiangalia kalenda hiyo hukosa washiriki mwezi Januari na kulaumu uvivu pasipo na uvivu.

Muziki wa Wagogo unasifika kwa kuimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kupatana bila maandishi yoyote. Kiongozi huanzisha, wengine huitikia kwa sauti za juu, za kati na za chini, na kila mmoja anajua mahali pake. Mpangilio wa sauti hizo unafuata sauti za asili ambazo uzi mmoja uliokazwa huzitoa wenyewe unapopigwa, na kwa hiyo nyimbo za Kigogo husikika tofauti na zile za majirani zao. Ala zao kuu ni ilimba, yaani marimba ya mkono; izeze, ambayo kwa Kiswahili ni zeze; ndono, upinde wa muziki wenye kibuyu; filimbi, kayamba na njuga za miguuni. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, nayo ina uhusiano wa karibu na mafunzo ya wasichana wanapoingia utu uzima. Mpigaji huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, huku wenzake wakijibizana naye kwa ngoma zao.

Urithi huu umevuka mipaka ya Ugogo. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma, alichukuliwa katika miaka ya 1960 kwenye kikundi cha ngoma cha taifa, akaja kufundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Ilimba na zeze zake zilisikika katika majukwaa makubwa ya Ulaya, Marekani na Asia, na albamu yake *Chibite* ilitolewa nchini Uingereza mwaka 1996. Alifariki Desemba 2003, lakini ukoo wake umeendelea na kazi hiyo. Upande wa Chamwino, kijiji cha Nzali kilimvuta mtafiti wa muziki kutoka Hispania, Polo Vallejo, ambaye amerudi huko kwa miaka mingi na kushiriki kutengeneza filamu kuhusu wanamuziki wa kijiji hicho.

Kwa vijana wa Chamwino, hata hivyo, jambo lenye uzito kuliko sifa za nje ni namna sanaa hii ilivyokuwa ikifundishwa. Mtoto wa Kigogo hakukalishwa darasani kujifunza kuimba. Alibebwa mgongoni na mama aliyekuwa akipiga muheme, akalisikia pigo kabla hajajua kutembea. Alipokua kidogo alichezacheza pembeni ya wakubwa, akikosea bila kukemewa, hadi siku moja akajikuta ndani ya duara. Michezo ya watoto, nyimbo za kutwanga, hadithi za jioni, jando na unyago, vyote vilikuwa shule. Kedmon Mapana, mwanamuziki na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 2011 juu ya malezi hayo ya kimuziki ya watoto wa Kigogo na pengo lililopo kati yake na masomo ya shuleni. Ndiye aliyelianzisha Tamasha la Muziki wa Cigogo, na baadaye akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Pengo hilo lina historia. Wamisionari wa Kianglikana walifika Ugogo katika karne ya 19, na wengi wao waliziona ngoma na jando kama mambo ya kuachwa. Shule nazo zilileta kengele, madawati na lugha nyingine. Kwaya za kanisa zilichukua nafasi kubwa, na hadi leo kwaya ndiyo kundi la sanaa ambalo kijana wa kijijini hulikuta karibu zaidi na nyumbani kwao. Baada ya uhuru, Serikali ilianzisha mwaka 1962 wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ngoma zikapewa heshima mpya. Lakini heshima ya jukwaa la taifa, ambako ngoma hufupishwa ili kumburudisha mgeni rasmi kwa dakika tano, haikurudisha ile shule ya jioni.

Kutoka ngonjera hadi Tuseme

Dodoma ina mchango wake katika historia ya maigizo ya vijana nchini. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye aliyeikuza na kuieneza ngonjera: ushairi wa majibizano unaosemwa na watu wawili au zaidi mbele ya hadhira, mmoja akishikilia hoja hii na mwingine akimpinga, hadi ukweli uliokusudiwa ubainike. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera ziliingia katika shule za nchi nzima kueneza siasa ya Ujamaa, na vitabu vyake vya *Ngonjera za UKUTA* vilichapishwa baada ya kifo chake. Watoto wengi wa Kitanzania walisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza wakisema ngonjera.

Ngonjera hizo zilimpa mtoto sauti, lakini mara nyingi maneno yalikuwa ya mtu mzima. Hoja ya mpinzani iliandikwa ili ishindwe, na mwisho ulijulikana tangu ubeti wa kwanza. Wataalamu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliliona tatizo hilo katika maonyesho mengi ya uhamasishaji. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando, anayejulikana pia kama Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda vijijini kujaribu njia nyingine. Walifanya kazi Malya mkoani Mwanza, kisha Msoga katika Mkoa wa Pwani na Mkambalani karibu na Morogoro. Badala ya kupeleka mchezo uliokamilika, walikaa na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, wakatunga pamoja nao kwa kutumia ngoma na hadithi za mahali hapo, na baada ya onyesho wakajadiliana hadi hatua za utekelezaji. Njia hiyo ikaja kuitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na Mlama aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1991.

Miaka michache kabla ya hapo mawazo kama hayo yalikuwa yakichipuka kwingineko. Nchini Peru, Augusto Boal wa Brazili alibuni jukwaa la mjadala, ambamo mtazamaji anaweza kuusimamisha mchezo, akaingia mahali pa mhusika na kuonyesha njia nyingine ya kutenda. Nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na kuigiza mwaka 1977 mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, baada ya wao wenyewe kuupitia na kuurekebisha. Serikali iliuzuia baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kisa hicho kilionyesha nguvu ya watu wa kawaida wanapoigiza maisha yao katika lugha yao.

Kwa vijana wa Tanzania, tunda kubwa la juhudi hizi ni Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Lihamba na Mlama wakiwa mstari wa mbele. Wasichana wa sekondari walipewa nafasi ya kuyataja yale yanayowakwamisha masomoni: umbali wa shule, kazi nyingi za nyumbani, mimba, walimu au madereva wanaowatongoza. Waliyatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya wenzao, walimu na wazazi, kisha wakaunda klabu za kufuatilia ahadi zilizotolewa. Shirika la wanawake wanaelimu wa Afrika, FAWE, ambalo baadaye Mlama aliliongoza, liliipeleka njia ya Tuseme katika nchi nyingine nyingi za bara hili.

Kazi inavyokwenda

Mradi mzuri wa sanaa shirikishi hupitia hatua zinazojulikana, na kila moja ina sababu yake.

Hatua ya kwanza ni kuingia kijijini kwa adabu. Afisa utamaduni wa halmashauri, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, wazee wa mila na viongozi wa dini hufahamishwa. Wazazi huombwa ruhusa, hasa kwa walio chini ya miaka 18, ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawahesabu kuwa watoto.

Hatua ya pili ni utafiti wa vijana wenyewe. Hutembea katika vitongoji, huongea na bibi na babu, huchora ramani ya kijiji kwenye vumbi na kuonyesha wapi kuna maji, wapi kuna hatari, wapi wasichana hupita usiku. Huko hupatikana pia hadithi za zamani. Wazee wa Ugogo walirithi kwa wazazi wao simulizi za Mtunya, njaa kubwa iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi yalipochukua nafaka na mifugo na mvua ikakataa. Kijana anayeigiza njaa hiyo hujifunza historia ya kwao, na huanza kuuliza maswali kuhusu ghala la leo.

Hatua ya tatu ni uchambuzi. Tatizo lililotajwa huvuliwa gamba baada ya gamba. Utoro shuleni, kwa mfano, unaweza kuwa ni njaa ya mchana, au ng'ombe wasio na mchungaji, au binti anayeona aibu kwenda shule siku za hedhi. Bila uchambuzi huu mchezo huishia kumlaumu mzazi mlevi, kwa sababu huyo ndiye mhusika rahisi kumwigiza.

Hatua ya nne ni utungaji. Hapa vijana hawaandikiwi maneno. Hujaribu matukio kwa vitendo, huacha yasiyosimama, hushikilia yale yaliyomgusa kila mmoja, na kuchagua wimbo wa kuunganisha matukio. Katika Ugogo ngoma ina kazi kubwa kuliko kupamba. Kiongozi wa wimbo anaweza kuibua hoja, na waitikiaji wakawa kijiji kinachokubali, kinachosita au kinachokataa.

Hatua ya tano ni onyesho lenyewe. Halihitaji ukumbi. Kivuli cha mbuyu, uwanja wa shule au kiwanja cha gulio vinatosha, kwa sababu watu huketi kwa duara. Hatua ya sita ni mjadala, na ya saba ni ufuatiliaji, ambao ndio unaosahaulika zaidi.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi mjadala unavyofanya kazi. Vijana wanaigiza nyumba moja ambako baba amepokea ahadi ya ng'ombe kwa ajili ya binti yake wa kidato cha pili. Mama ananyamaza. Shangazi anashangilia. Binti anakwenda kwa mwalimu, mwalimu yuko safarini. Mchezo unafika mahali binti anafungasha nguo zake, halafu msimamizi anausimamisha na kuwauliza watazamaji: ni nani angeweza kutenda tofauti, na wapi? Mama mmoja kati ya watazamaji anaingia mahali pa mama wa mchezoni na kujaribu kusema. Kijana anayemwigiza baba hamrahisishii; anamjibu kama baba halisi angejibu, kwamba ng'ombe hao ndio ada ya kaka zake. Hapo mzee mwingine anaomba aingie mahali pa baba. Msimamizi anaweza kukumbusha kwamba tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inaadhibu kwa kifungo cha hadi miaka 30 anayemwoa mwanafunzi, na kwamba mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilivitangaza vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 kuwa kinyume cha Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliuthibitisha mwaka 2019. Sheria hizo, zikitajwa katika mkutano wa hadhara, huwa taarifa tu. Zikitajwa wakati ng'ombe, mama, shangazi na binti wamesimama mbele ya watu, kila mmoja huzipima na hali ya nyumbani kwake.

Mada ngumu kuliko hiyo zipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Jambo ambalo watu hawalitaji waziwazi linaweza kuletwa jukwaani kwa mafumbo, kwa wimbo au kwa hadithi ya wanyama, kila mtu akaelewa bila mtu kuaibishwa. Ndiyo maana vijana hufundishwa kutoigiza kisa cha jirani anayetambulika. Visa kadhaa huchanganywa, majina hubadilishwa, na aliyetoa siri yake hulindwa.

Karakana ya ala

Kazi za mikono huenda sambamba na jukwaa. Kijana asiyependa kusema mbele ya watu hupata nafasi yake kwenye karakana, na aghalabu huwa ndiye anayerudi kila siku.

Zeze ni mahali pazuri pa kuanzia. Kibuyu kikavu hukatwa na kusafishwa ndani, kisha huwambwa ngozi ya mbuzi iliyolowekwa ikalainika. Ngozi ikikauka hujikaza yenyewe, na hapo fundi huigonga kwa kidole kusikiliza. Mti ulionyooka hupitishwa kuwa shingo, nyuzi za waya hufungwa, na kigingi huchongwa ili kila uzi ukazwe au ulegezwe. Upinde wa kuchezea hupakwa utomvu ili ushike uzi, maana bila utomvu huteleza kimya. Zeze la kawaida lina nyuzi chache, mbili mara nyingi, lakini Zawose aliongeza nyuzi zaidi na kuonyesha kwamba mapokeo hayamzuii fundi kubuni.

Ilimba ni kazi ya ngazi ya juu. Sanduku la mti huchongwa hadi kuta zake ziwe nyembamba bila kupasuka. Vijiti vyake ni vipande vya chuma vilivyopondwa juu ya jiwe au reli hadi vikawa bapa, na sauti hurekebishwa kwa kusogeza kijiti mbele au nyuma: kikirefuka sauti hushuka, kikifupika hupanda. Baadhi ya vijiti havichezwi kabisa. Vipo ili vitikisike vyenyewe wenzao wanapopigwa, sauti ikajaa. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, nao huipa ilimba ule mvumo wake ambao mgeni huweza kuudhani kasoro na Mgogo huutafuta kwanza. Kijana anayeitengeneza ala hii anagusa fizikia ya mawimbi ya sauti, hesabu za uwiano, ujuzi wa miti na uvumilivu wa fundi, yote katika kitu kimoja atakachokipiga mwenyewe.

Karakana pia ni mahali ambapo marika mawili hukutana bila hotuba. Mzee anayejua kuchagua mti hana cheti, na kijana mwenye cheti hajui mti upi hupasuka jua likiwaka. Miradi inayomlipa mzee huyo kama mwalimu, badala ya kumwalika kama pambo la siku ya ufunguzi, ndiyo inayodumisha ujuzi. Kwa wasichana, karakana hufungua milango ambayo desturi iliifunga: muheme ni ngoma ya wanawake, lakini uchongaji ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, na hakuna sababu ya kiufundi ya kuendelea hivyo. Vijana wenye ulemavu wa kuona, ambao Chamwino ina shule yao huko Buigiri, wanaweza kushiriki kikamilifu katika muziki na katika michezo ya redio, mradi mazoezi yapangwe kwa kuwafikiria.

Tamasha, shule na lugha

Tamasha la Muziki wa Cigogo huwakutanisha vikundi vya vijiji mbalimbali, wazee kwa watoto, katika kijiji cha Chamwino Ikulu. Mwenye haki ya kuamua kama ngoma imechezwa sawasawa ni watu wenye ngoma yao, nao wapo uwanjani. Kwa kijana hilo ni darasa na ni mtihani. Husikia namna kijiji cha pili kinavyoimba wimbo alioudhani ni wa kwao peke yao, na huona kwamba mpiga zeze wa miaka 70 anashangiliwa kuliko spika za muziki wa kisasa. Vijana hao hao wanapenda pia Bongo Fleva na singeli, na hakuna ubaya. Waliokulia katika sauti zao hukopa kwa wengine bila kupotea, na wimbo mpya wa kwenye simu ukipata mwitikio wa Kigogo huwa umeongezewa kitu.

Shuleni nafasi imepanuka. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika elimu ya msingi. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yamezoea kuwa na kwaya na ngoma pamoja na michezo. Kijana anayetaka kuendelea anaweza kwenda TaSUBa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Dodoma ambacho kiko karibu na kwao. Kinachohitajika ni mwalimu asiyeliona somo hilo kuwa kipindi cha kupumzika. Mwalimu anayemwalika mama wa kijiji kufundisha muheme kwa saa moja amefanya kazi ambayo kitabu hakiwezi kuifanya.

Suala la lugha halina budi kuamuliwa mapema. Kiswahili huwakutanisha watu wa makabila yote ambao wamekuwa wakihamia Dodoma tangu Serikali ilipohamia huko. Kigogo ndiyo lugha ambayo bibi hucheka nayo na kulia nayo. Michezo mingi mizuri hutumia zote mbili: mtendaji wa kijiji huongea Kiswahili cha ofisini, nyumbani watu huongea Kigogo, na tofauti hiyo yenyewe huwa sehemu ya maana. Mradi unaopiga marufuku Kigogo jukwaani huwaondoa wazee katika mjadala.

Taratibu, fedha na hatari

Kikundi kinachotaka kufanya kazi kwa utulivu hujisajili. BASATA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, ndiyo inayosajili wasanii na vikundi, na ofisi ya utamaduni ya halmashauri huelekeza utaratibu. Kazi zilizotungwa zinaweza kulindwa kupitia COSOTA chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Ulinzi huo una maana hasa pale wimbo wa kijiji unaporekodiwa na wageni: makubaliano huandikwa kabla ya kinasa sauti kuwashwa.

Fedha zina njia kadhaa. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 zikiwa za vijana, na kikundi cha sanaa chenye karakana ya ala kinaweza kuandika andiko la biashara kama kikundi cha ufugaji wa kuku. Upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unaowakopesha wasanii. Upo pia ufadhili wa mashirika, wenye manufaa na mtego wake. Mfadhili akifika na ujumbe ulioandikwa tayari, vijana hugeuka vipaza sauti. Watacheza vizuri, watapewa fulana na posho, watu watacheka, na kesho yake kijiji kitabaki kilivyokuwa. Ni ile ngonjera ya zamani iliyorudi na nembo mpya. Kikundi chenye busara hupokea fedha kwa sharti kwamba vijana ndio watakaotafiti na kuchagua cha kusema ndani ya mada iliyokubaliwa.

Hatari nyingine ni ya kijana kuachwa peke yake baada ya kusema. Msichana aliyepaza sauti juu ya mtu mwenye cheo anahitaji kujua kesho atakwenda kwa nani. Kwa hiyo kabla ya onyesho, waandaaji huzungumza na afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia la polisi na mwalimu mlezi, ili mlango anaoelekezwa uwe wazi kweli.

Thamani ya kazi hii haipimwi kwa idadi ya watazamaji wala kwa picha za mgeni rasmi. Hupimwa kwa mambo yanayoweza kuonekana kijijini miezi kadhaa baadaye: kama mkutano wa kijiji uliijadili hoja iliyoibuliwa jukwaani, kama msichana aliyejifungua alirudi darasani kwa mujibu wa waraka wa Serikali wa Novemba 2021, kama kuna kijana mwingine anayejua kuwamba zeze, kama kikundi kinafanya mazoezi hata mradi ulipokwisha. Chamwino imejaliwa ngoma, walimu wazee, tamasha la kila mwaka na vijana wengi. Mradi wa sanaa unaofika huko unakuta sanaa ipo. Kazi yake ni kuwapa vijana nafasi, vifaa na haki ya kuiendeleza kwa maneno yao wenyewe.